Makofi kwa Kila Karata

Siku ninayoirudia sana kichwani, mwanangu, ni Jumapili moja ya kiangazi mwaka 2014, pale Nyakitonto, tukiwa tumekaa kwenye baraza ya Mzee Salvatori tukicheza poka kwa maharage. Siku hiyo nilishika karata nzuri kuliko zote nilizokuwa nimewahi kushika tangu nizaliwe, na nikaambulia maharage matatu. Matatu tu. Ukiyatia mdomoni huhitaji hata kutafuna.

Nataka nikueleze ilikuwaje, kwa sababu naona na wewe miguu imeanza kukuwasha, na shule umeshaitazama kwa jicho lile nililoitazama mimi. Sikukatazi kutembea. Mimi mwenyewe niliacha darasa la sita nikatembea. Nimefyatua matofali Kabanga, nimebeba chumvi Manyovu nikiwauliza madereva kule ng'ambo wanakula nini, nimeuza dagaa Kibondo mpaka nguo zangu zikawa zinanitangulia kwa harufu. Sasa mnaniita mzee. Sibishani, ingawa naona mmeniwahi kidogo.

Nyakitonto sikwenda kwa kukusudia. Lori nililopanda kutoka Kibondo lilivunjika springi karibu na senta, na wakati dereva anahangaika nikasikia watu wanabishana barazani. Nikaenda kuona. Walikuwa watu watatu wameshika karata, na mbele ya kila mmoja kuna bakuli la maharage mabichi. Nikauliza ni mchezo gani. Lori lilipotengenezwa likaondoka, mimi bado nauliza.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Salvatori, mkulima na mfanyabiashara wa maharage. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa na yeye mgongoni, na wakati huo alikuwa ameshapata uraia, ana mashamba, ana wajukuu. Poka alifundishwa ujanani na fundi mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa akizunguka kutengeneza majenereta. Wa pili alikuwa Bwana Rashidi, bwana afya, mtu wa Tanga, aliyekuwa akizungumza Kiswahili kitamu hata akiwa anakutukana. Wa tatu alikuwa Mwalimu Bhoke, mwanamke wa Mara, mrefu, hacheki ovyo. Aliponisikia nimeachia darasa la sita alinipa jina la Mtoro, na mpaka leo nikikutana naye ananiita hivyo hivyo.

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mtu anaweka harage moja la kuanzia katikati, kisha unagawiwa karata tano. Zile usizozitaka unazitupa mara moja tu na kupewa nyingine badala yake. Halafu mnaanza kuweka maharage katikati: mwenye imani na karata zake anaongeza, asiye na imani anazitupa na kukaa pembeni. Mkibaki wawili mnafunua, na mwenye karata kubwa anazoa yote. Karata mbili zinazofanana ni nzuri, tatu ni bora, tatu na mbili ni bora zaidi, nne zinazofanana unaweza kuzeeka bila kuzishika.

Fedha hatukuwekeana. Mwalimu Bhoke alikataa tangu mwanzo, akasema mshahara wake una watu wengi wanaouotea. Kwa hiyo walikubaliana kwamba harage moja ni tuta moja. Kila mtu anakuja na maharage ishirini, na kila harage utakalopoteza, utampigia aliyelishinda tuta moja la shamba kabla ya Jumapili nyingine. Watu wa pale walikuwa wakicheka sana kumwona bwana afya ameinama na jembe kwenye viazi vya mwalimu, shati limetoka nje, anajisemea peke yake maneno ya Kitanga.

Sasa sikiliza kwa nini mchezo huu kwangu haukuwa mchezo. Mzee Salvatori alikuwa na kipande cha bonde kando ya kijito, kimelala misimu kadhaa, magugu yamefika kifuani. Alipoona nimekaa pale wiki nzima bila kazi inayoeleweka, alinipeleka akanionyesha. Akasema nikimaliza kupiga matuta bonde lote kabla ya mvua ya kwanza, nitalima misimu miwili bila kumlipa chochote, na baada ya hapo tutazungumza. Mvua ikinikuta sijamaliza, anampa jirani aliyekuwa akiliomba siku nyingi. Mwanangu, nilikuwa na miaka ishirini na kitu na sikuwa nimewahi kupanda kitu mahali na kukaa mpaka kikaiva. Nilitamani lile bonde mpaka nikaogopa.

Lakini nilikuwa na jembe moja na mikono miwili, na kiangazi kilikuwa kinaelekea ukingoni. Nikafikiri, nikishinda maharage ya kutosha, hawa watu watatu watanilimia. Badala yake nikawa napoteza. Jumatatu niko kwenye shamba la Mwalimu Bhoke, Jumanne kwa Bwana Rashidi, na bonde langu limesimama linanitazama na magugu yake.

Ndipo ikaja ile Jumapili. Niligawiwa wafalme watatu. Nikatupa karata mbili, Mzee akanipa nyingine mbili, nikazifunua taratibu: saba na saba. Wafalme watatu na saba mbili. Nikaweka maharage kwa nguvu, na kabla sijamaliza kuyaweka, Mwalimu akatupa karata zake, Bwana Rashidi akatupa, na Mzee akatupa. Nikazoa yale matatu yao ya kuanzia.

Nikawauliza wamejuaje. Bwana Rashidi akaangalia pembeni kwa adabu. Mzee Salvatori ndiye aliyecheka mpaka akajifuta macho.

"Bukuru sha," akaniambia, akilifuatisha jina langu na lile "sha" la kwao la kirafiki, "umeipigia karata makofi kama umeletewa mbuzi na mkwe."

Na kweli. Wewe umekulia huku, unajua tunavyopokea kitu. Ukipewa hata maji ya kunywa na mtu mzima, unainama kidogo, unakutanisha viganja, makofi mawili laini, ndipo unapokea. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kujifunga vifungo vya shati. Basi mikono yangu ilikuwa inafanya yenyewe: ikija karata nzuri, paa-paa, na kichwa kinainama. Wageni wote wawili, Mwalimu na Bwana Rashidi, walikuwa wameshaligundua wiki ya kwanza. Mwalimu alisema alidhani nawaonya kwa kusudi, akaniona tajiri wa roho.

Wiki iliyofuata nikaamua kuiziba ile tabia. Nikakalia mkono mmoja. Nikapokea karata kwa mkono wa kushoto bila kumtazama mtu usoni, midomo nimeibana. Nikapata malkia watatu. Nikakaa kimya kama mtu aliyeko kwa daktari wa meno.

"Mtoro amenyamaza," Mwalimu Bhoke akasema. "Hajauliza swali tangu karata zimegawiwa. Mimi sichezi."

Akatupa. Wakatupa wote. Mzee akaongezea kwamba mtu kama mimi akinyamaza, watu wanaanza kutafuta sanda.

Sasa hapa ndipo penye maneno niliyotaka uyasikie. Wiki ile nilikuwa nampigia Mzee Salvatori matuta niliyopoteza kwake, na yeye alikuja shambani na kiti chake kidogo akakaa kunitazama. Nilikuwa na hasira. Nikamwambia nina mikono yenye laana, nikipata kitu kizuri inapiga kelele, na nikiizuia inapiga kelele zaidi. Alikuwa anachambua mbegu kwenye ungo, akitupa zilizotobolewa na wadudu.

"Makofi hayana kosa," akasema. "Kosa lako ni kuchagua karata ya kuyapigia. Mama yako alipokufundisha kupokea, alikwambia uchague?"

Nikamwambia hapana. Alikuwa ananipiga kofi la mgongo nikipokea kiazi kibovu bila heshima.

"Basi pokea. Nzuri, mbaya, zote ni za kupewa. Wewe ukiletewa mbaya unaipokea kama deni, ukiletewa nzuri unaipokea kama harusi. Hata mtoto anayenyonya angekusoma."

Halafu akanieleza jambo la pili, na hili ni la karata kabisa. Aliniuliza nikishika karata kubwa huwa nafikiria nini. Nikamwambia nafikiria namna ya kutowafukuza wenzangu, kwa hiyo ama naweka kwa pupa ama nataka kuweka kidogo kidogo ili wasistuke. Akatikisa kichwa. Akasema asiye na kitu mkononi ataondoka hata ukimbembeleza, na mwenye kitu atakufuata hata ukimuongezea. Kwa hiyo siku ya karata kubwa weka kama unavyoweka siku nyingine, na ongeza bila aibu, kwa sababu karata hiyo itaishi mpaka mgao ujao tu, na ukiitunza sana utarudi nayo nyumbani ikiwa karatasi.

Nilipiga tuta lililofuata nikiwa nafikiria Kabanga na Manyovu. Kila mahali nilipopata kazi nzuri, nilitangaza kwa sauti kubwa kwamba sasa nimefika, na siku kazi ilipoonyesha upande wake mbaya nikafunga mfuko. Sikuwa nimewahi kupokea siku ya kawaida. Lakini hayo ni ya kwangu, turudi barazani.

Jumapili zilizofuata nikawa napiga makofi kwa kila karata. Ikija mbili ya kopa isiyo na ndugu, makofi mawili laini, nainama. Ikija takataka tupu, nashukuru. Mwanzoni waliduwaa, halafu wakacheka, halafu wakazoea kama unavyozoea jogoo wa jirani. Na maswali yangu sikuyaacha. Nilimuuliza Bwana Rashidi kama kweli kule Tanga nazi moja moja hudondokea watu, akanijibu kwamba nazi zina adabu kuliko wanafunzi wa Mwalimu. Jumapili moja nikiwa sina lolote mkononi, nikaongeza maharage matano kwa uso mchangamfu. Mwalimu akanifuata, tukafunua, nikaumbuka. Nilipiga matuta yake siku mbili nzima. Lakini alikumbuka, na mimi nilijua kwamba amekumbuka.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Burundi mchana na kutawanyika jioni. Bonde langu lilikuwa limefika nusu. Jirani yule anayelitaka alikuwa akipita kila asubuhi, ananisalimia vizuri kabisa, anauliza habari za kazi, anaangalia juu.

Jumapili tuliyojua wote kwamba huenda ni ya mwisho kabla ya msimu, nilipewa nane tatu, na karata mbili zisizo na maana. Nikazipigia makofi zote tano, kama kawaida. Nikatupa zile mbili. Bwana Rashidi alibadilisha tatu, Mzee Salvatori mbili. Mwalimu Bhoke alibadilisha moja tu, nikaliona hilo nikaliweka akilini. Zikaja mbili zangu. Nikapiga makofi. Ya kwanza ilikuwa tatu ya uru. Ya pili ilikuwa nane.

Mwanangu, nane zote nne zilikuwa mkononi mwangu, na niliona bonde lote limelimwa, kijani, maharage yamepanda mpaka magotini. Moyo ulinienda mbio hadi nikaogopa kwamba shati linatikisika. Nikasikia hamu ya kusimama. Halafu nikasikia hamu nyingine, ya kukaa kimya. Zote mbili nilikuwa nazijua.

Mwalimu akaanza kwa kuweka matatu. Bwana Rashidi akatupa zake, akajilaza ukutani. Mzee Salvatori akafuata. Mimi nikafuata na kuongeza matano, na wakati nayasukuma nikamuuliza Mwalimu kama kule kwao Mara maharage hupandwa kwenye matuta au kwenye ardhi iliyo sawa. Kwa kweli nilitaka kujua.

"Yanapandwa na watu waliomaliza shule," akasema, macho yakiwa kwenye karata zake.

Akaongeza. Mzee akazitazama zake kwa muda mrefu, akazilaza chini taratibu, akaanza kuwasha kiko. Tukabaki wawili. Nilijua ana kitu. Sauti ndogo ikaniambia nimfuate tu, nisimuongezee, asije akakimbia. Nikakumbuka ungo wa mbegu. Mwenye kitu atakufuata. Nikaongeza matano mengine, kwa mkono uleule na uso uleule wa siku niliyoumbuka.

Mwalimu Bhoke akaniangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyesema ameisahau kazi yake nyumbani.

"Mtoro," akasema, "ulinifanyia hivi hivi ukiwa na takataka. Unadhani mimi nasahau?"

Akamimina bakuli lake lote katikati. Harage moja likaviringika likaangukia miguuni kwa Bwana Rashidi, akaliokota, akalipuliza vumbi na kulirudisha mahali pake kama anarudisha yai. Nikasukuma na mimi yote niliyokuwa nayo. Akafunua: malkia watatu na tano mbili. Karata nzuri sana. Ningekuwa yeye ningemimina pia.

Nikalaza nane moja moja.

Ya nne ilipolala, Mwalimu akazigusa kwa kidole kimoja kimoja, anazihesabu, halafu akaniuliza zilikuja lini. Nikamwambia tatu zilikuja mwanzo na moja baada ya kubadilisha. Akauliza kama niliipigia makofi. Nikamwambia nilizipigia zote, hata ile tatu ya uru. Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa sauti, kicheko kikubwa cha mtu wa kilimani.

Nilitaka kuanza kuwapangia siku za kuja kulima. Mzee Salvatori akanishika bega akaninong'oneza jambo la tatu, ambalo sikuwa nimeliuliza: kwamba aliyeshinda asimwache mtu alime peke yake. Wakirudi nyumbani na malengelenge na kinyongo, Jumapili ijayo utacheza na ukuta.

Basi walipokuja bondeni, nililima nao. Nilitangulia asubuhi nikaweka mafiga pale pale kando ya kijito, nikayabandika yale maharage niliyoyashinda, nikatia mawese na vitunguu. Mwalimu alikuja na gambuti na jembe lake mwenyewe. Bwana Rashidi, ingawa alidaiwa tuta moja tu, alikuja na glavu za kazini, tukamcheka, mchana akatuazima na sisi. Hata Mzee, ambaye alipoteza machache tu, alipiga yake polepole na kuongeza mengine ambayo hakudaiwa, akisingizia kwamba amepoteza hesabu. Nilijua hesabu yake haipotei. Tulikula maharage na ugali wa muhogo, tukaendelea kesho yake na keshokutwa.

Tulikuwa kwenye matuta ya mwisho upepo ulipogeuka. Jirani yule alikuwa amesimama juu barabarani. Ukaja ule ubaridi wa ghafla, harufu ya vumbi lililolowa ikatufikia kabla ya maji, na tone la kwanza likanipata shingoni nikiwa nimeinama. Nilipiga lile tuta la mwisho bila kunyanyua kichwa. Nilipokinyanyua, mvua ilikuwa imeshatufika wote, na nikamwona Mwalimu Bhoke wa Mara ameegemeza jembe begani, amekutanisha viganja vyake vyenye udongo, anapiga makofi mawili laini, kichwa kimeinama kidogo. Bwana Rashidi naye. Hakuna aliyewaambia. Mzee Salvatori akawatazama, akanitazama mimi, na sote tukaipokea.

Jirani akatupungia mkono kutoka barabarani na kukimbilia nyumbani kwake. Msimu uliofuata nilimpa mbegu.

Bonde lile unalijua, mwanangu. Ndilo hili ulilopita asubuhi ukikwepa tope. Misimu miwili ilikwisha, tukazungumza kama Mzee alivyoahidi, na bado niko hapa, mimi ambaye nilikuwa sikai mahali mpaka kandambili zikakauka. Bado natembea, usidhani. Ila sasa nina mahali pa kurudi na kusimulia.

Kwa hiyo ninachokuusia ni hiki. Kitu kikubwa kikikujia mkononi, iwe karata, kazi, au mtu anayekupenda, kipokee kwa mikono ileile uliyopokelea vidogo. Na ili uweze hilo siku hiyo, anza leo kuvipokea vidogo kwa heshima, kwa maana hutaweza kujifunza wakati moyo unakwenda mbio. Usikitangaze, na usikifiche mpaka ukawa mtu mwingine. Kiweke kazini siku hiyohiyo, ongeza bila aibu, kwa sababu mgao unaofuata hauko mbali. Ukishinda, shika jembe na uliowashinda, na wapikie.

Nenda basi, kama unakwenda. Njia ikupe watu wa barazani wenye nafasi ya mtu mmoja zaidi. Ukiishiwa maharage, pasikosekane wa kukuazima bakuli. Na mvua yako ya kwanza, popote itakapokukuta, ikukute kwenye tuta la mwisho, una wenzako ubavuni na viganja vyako viko tayari.